Mtoto wa moyo: mnyimeni mashindano ya mbio, msimnyime maji wala shule

Swali: Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka 6, ana kilo 16, tunaishi Ujiji, Kigoma. Akicheza kidogo anachoka, anachuchumaa, na midomo inakuwa kama ya aliyekula zambarau. Pale hospitali ya Maweni walimpima wakatuambia moyo una kasoro nne za kuzaliwa nazo. Tumepewa rufaa ya Dar es Salaam, tunasubiri tarehe ya upasuaji. Nyumbani tumeamua akae ndani, na shule hajaanza. Mama mkwe anasema tusimpe maji mengi, moyo utajaa. Je, mtoto wa hivi ana maisha? Na tufanye nini aishi kama wenzake wakati tunasubiri?

Jibu: Marahaba, mama. Kwa maelezo yako, mtoto mnamlinda pale ambapo hahitaji kulindwa sana, na mmemwacha wazi pale ambapo hatari ipo kweli. Kucheza barazani na wenzake hakutamdhuru. Kushinda na kiu kunaweza kumdhuru, tena ndani ya siku moja. Kwa hiyo jibu langu litakaa zaidi kwenye maji, damu, homa na meno, na hayo mengine yatafuata.

Kasoro nne mlizoambiwa zinaitwa tetraloji ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo una tundu. Njia ya kupeleka damu mapafuni imebana. Mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, aota, umekaa juu ya lile tundu. Na msuli wa chumba cha kulia umenenepa kwa kusukuma kwa nguvu muda mrefu. Ni nne kwa hesabu, ila tatizo analoishi nalo mtoto ni moja: damu inayotakiwa kwenda mapafuni kuchukua hewa inakuta njia nyembamba, basi sehemu yake inapenya tunduni na kurudi mwilini vilevile ilivyo. Ndiyo hiyo rangi ya zambarau. Kwa ngozi zetu nyeusi usiitafute mashavuni. Tazama ulimi, fizi na upande wa ndani wa mdomo, mchana, mlangoni penye mwanga.

Kule kuchuchumaa hakufundishwa na mtu, amekugundua mwenyewe, na ni dawa. Akichuchumaa mishipa ya mapajani inabanwa, shinikizo upande wa mwili linapanda, na damu inalazimika kupita zaidi kwenye ile njia ya mapafuni. Anayemwambia "simama wima, acha uvivu" anamnyang'anya dawa yake. Mwacheni achuchumae hadi ainuke mwenyewe.

Umeuliza kama ana maisha. Anayo. Katika nchi ambazo watoto wa moyo hufanyiwa upasuaji mapema, karibu 9 kati ya 10 wanafika utu uzima, wanasoma, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa. Bila upasuaji, wengi wenye kasoro ya aina ya binti yako hawafiki huko. Hiyo tarehe mnayoisubiri isije ikapita kwa sababu mtoto "siku hizi anaonekana nafuu".

Lakini maisha si umri tu. Watafiti wanapotaka kujua mtoto mgonjwa anaishije, wengi hutumia dodoso liitwalo PedsQL, lenye maswali 23. Nane yanahusu mwili: kutembea, kukimbia, kuoga mwenyewe, kuumwa. Matano yanahusu hofu, huzuni na usingizi. Matano yanahusu wenzake, na matano shule. Mtoto anaulizwa peke yake, mzazi peke yake. Katika watoto wa moyo jambo linalojirudia ni kwamba wazazi huona hali mbaya kuliko watoto wenyewe wanavyoiona. La pili: ukubwa wa kasoro unaeleza sehemu tu ya tofauti kati ya mtoto na mtoto. Namna nyumba inavyoishi na ugonjwa ina uzito mkubwa. Hesabu mwenyewe: maswali 15 kati ya 23 hayahusu mbio wala pumzi. Mkimfungia ndani mmeshayapoteza hayo 15 kabla moyo haujasema neno.

Maji

Mama mkwe hakulitoa hewani. Wapo watoto wa moyo ambao maji yao hupimwa kweli: wale ambao tundu linamwaga damu nyingi mapafuni, moyo unashindwa, wanahema haraka na kuvimba. Wa kwenu si wa kundi hilo. Mwelezeni hivyo kwa heshima yake, kwamba maneno yake ni ya kweli kwa mtoto mwingine. Kwa tetraloji ya Fallot upungufu wa maji una madhara mawili. Kwanza, damu inapungua kwenye mishipa, shinikizo linashuka, na damu nyingi zaidi inakwepa mapafu. Pili, damu yake tayari ni nzito, maana mwili unaokosa oksijeni hutengeneza chembe nyekundu kwa wingi. Ikikauka zaidi inaweza kuganda, na donge likapanda ubongoni. Mtoto wa miaka 6 akapata kiharusi.

Kipimo: mililita 1,000 kwa kilo 10 za kwanza, kisha mililita 50 kwa kila kilo inayozidi. Kilo 16 inatoa lita 1.3 kwa siku, pamoja na uji, maziwa na mchuzi. Kwa kikombe cha robo lita ni vikombe vitano na kidogo. Joto la Ujiji likipanda au akiwa na homa, ongezeni. Kikombe kimoja kiwe cha kulalia na kingine cha kuamkia, kabla ya kitu chochote, kwa sababu usiku mwili unakaa saa nyingi bila kinywaji na asubuhi ndiyo saa mbaya kwake.

Akiharisha, msisubiri macho yaingie ndani. Choo cha kwanza cha majimaji, anza ORS. Soma kwenye pakiti kama ni ya lita 1 au nusu lita, maana zote zipo na kukosea hapo kunaharibu mchanganyiko. Mpe mililita 100 hadi 200 baada ya kila choo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe tena kijiko kwa kijiko. Ikiwa kila kitu kinarudi, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni saa nne usiku.

Akiwekewa dripu huko, mwambie nesi kwa upole: "Mtoto huyu ana tundu la moyo na damu inavuka, naomba mpira usiwe na punje ya hewa." Kwa mtoto wa kawaida kipovu kidogo cha hewa huishia kwenye mapafu. Kwake kinaweza kupita tunduni na kwenda moja kwa moja kichwani. Nesi mzuri atakushukuru kwa kumkumbusha.

Na kwa kuwa mko Ujiji: Ramadhani watoto hupenda kufunga na wakubwa, hata nusu siku. Huyu asifunge. Hajabaleghe, saumu haijamlazimu, na mgonjwa ana ruhusa yake. Mpeni kazi nyingine ya kujivunia, kama kupanga tende au kupeleka futari kwa jirani wa mlango wa pili.

Akizidiwa ghafla

Hujasema kama amewahi kuzidiwa, ila lazima ulijue. Mara nyingi huja asubuhi baada ya kuamka, baada ya kulia sana, wakati wa kusukuma choo kigumu, au baada ya kuoga maji ya moto. Anaanza kuhangaika, anahema kwa kina na haraka, rangi inakolea kuliko siku zote, kisha analegea. Ile njia nyembamba imejibana zaidi.

Mlaze ubavu, kunja miguu yake hadi magoti yaguse kifua, na umshike hivyo bila kuachia. Au mpakate, mgongo wake ukiegemea kifua chako, magoti yakiwa juu. Ongea naye taratibu. Watu watoke, maana kilio cha shangazi watatu kinamwongezea hofu na hofu inambana zaidi. Msimmwagie maji, msimpige makofi ya kumwamsha, msimpe kinywaji mpaka atulie. Mtu mmoja atazame saa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, au akizimia, au akipata degedege, mnaondoka kwenda Maweni, na ndani ya bajaji magoti yabaki yamekunjwa. Huko watampa oksijeni na dawa za kutuliza na kufungua njia.

Hata likipita lenyewe, mpigieni daktari wiki hiyohiyo. Kuzidiwa hata mara moja ni sababu ya kuomba tarehe ya upasuaji isogezwe mbele, kwa hiyo andikeni siku, saa, alichokuwa anafanya na muda uliochukua. Choo kiwe laini kwa papai, mboga za majani na hayo maji tuliyoyasema.

Wengine hupewa propranololi ya kila siku kuzuia hali hii. Kama mmepewa, mpeni pamoja na chakula, kwa sababu inaweza kushusha sukari kwa mtoto mwenye njaa. Siku ambayo hataki kula wala kunywa, msiendelee kumpa kimyakimya na msiikatishe kwa uamuzi wenu. Muoneni daktari siku hiyo. Na msiazime dawa. Furosemaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, inamsaidia mtoto wa jirani mwenye moyo uliojaa maji. Huyu wa kwenu inamkausha, na kukauka ndiko tunakokukimbia. Muuza duka la dawa akisikia "mtoto wa moyo" anaweza kuitoa kwa nia njema kabisa.

Damu: karatasi ya maabara inaposema "kawaida"

Hapa hata wahudumu wa afya huteleza. Mtoto ambaye oksijeni yake, kwa kile kipimo cha kubana kidoleni, inasoma asilimia 75 hadi 80, kwa kawaida anatakiwa kuwa na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya juu, kama 16 hadi 19. Mwili umejiongezea chembe ili ubebe hewa kidogo iliyopo. Akija na 12, karatasi itasema iko sawa, na kwa mtoto mwingine ingekuwa sawa. Kwake ni upungufu. Anachoka zaidi, anazidiwa mara nyingi zaidi, na chembe zilizokosa madini ya chuma huongeza uwezekano wa kiharusi. Ombeni kipimo cha picha kamili ya damu na daktari aangalie ukubwa wa chembe: zikiwa ndogo, chuma kimepungua. Vidonge vya chuma aviandike yeye na kipimo kirudiwe, kwa sababu damu ikipanda kupita kiasi, hemoglobini zaidi ya 20 na maumivu ya kichwa, ni shida upande wa pili. Hapo pia msimpeleke kupigwa chuku wala kuchanjwa chale "kupunguza damu mbaya". Damu yake haina ziada ya kumwaga.

Mnunulieni dagaa. Kigoma hapo mko sokoni kwenyewe. Dagaa, maharage, maini, kisamvu, na juu yake limau au chungwa ili chuma kiingie vizuri mwilini. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, maana chai inakizuia. Kilo 16 ni chache, wasichana wa miaka 6 kwa wastani wana kama kilo 20, na mtoto mwenye lishe duni hupona taratibu baada ya upasuaji. Mpe milo mitano midogo badala ya mitatu ya kujaza, kwani kutafuna na kushiba sana navyo vinamchosha. Kwenye uji au mboga ongeza kijiko cha chai cha mawese: kimoja kina kama kalori 40 na hakiongezi ujazo tumboni.

Malaria inakula damu hiyohiyo. Neti kila usiku, kipimo siku ileile homa inapoanza, na dawa ya mseto, ALu, imalizwe yote, imezwe baada ya chakula chenye mafuta. Dawa ya minyoo inapogawiwa, asirukwe. Angalieni kadi ya kliniki kama alipata surua-rubela zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18.

Homa isiyoisha, kichwa, meno

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi ni kweli. Kwa mtoto huyu kuna mambo mawili ya kuogopa nyuma yake. La kwanza ni jipu kwenye ubongo. Vijidudu vilivyoingia kwenye damu kwa kawaida huchujwa mapafuni; kwake vingine vinapita tunduni na kupanda kichwani. Dalili ni maumivu ya kichwa yanayozidi kila siku, kutapika, homa ambayo inaweza kuwa ndogo tu, degedege, au mkono mmoja kulegea. Kipimo cha haraka cha malaria kikiwa hasi na kichwa bado kinauma, au kikiwa chanya, amemaliza ALu na kichwa bado kinauma, mwambieni daktari maneno haya: "Ana tetraloji ya Fallot, tunaogopa jipu la ubongo." Msirudi nyumbani na Panadol.

La pili ni maambukizi ndani ya moyo wenyewe. Huanza polepole: homa za jioni, jasho, kukosa hamu ya kula, wiki baada ya wiki. Kosa ninalolilalamikia ni antibaiotiki za dukani, nusu dozi leo, nusu dozi wiki ijayo. Zinapoza homa bila kuua ugonjwa, na damu ikipelekwa maabara kuoteshwa haionyeshi kitu. Homa ikivuka siku 5 bila sababu kujulikana, damu ichukuliwe ya kuotesha kabla ya antibaiotiki ya kwanza.

Mlango mkubwa wa vijidudu hivyo ni mdomo. Mswaki asubuhi na usiku, dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya kunde, na mkubwa asimamie. Apelekwe kwa daktari wa meno sasa, kabla ya tarehe ya Dar, kwa sababu jino lililooza likigunduliwa huko upasuaji unaweza kuahirishwa na safari yote ikaenda bure. Jino likihitaji kung'olewa, anapewa amoksilini dakika 30 hadi 60 kabla, miligramu 50 kwa kila kilo. Kwa kilo 16 ni miligramu 800 kwa mkupuo mmoja. Daktari ndiye wa kuiandika, nanyi kazi yenu ni kumtajia moyo kabla hajashika koleo.

Na kimeo. Mtoto wa moyo akikohoa, haikosi bibi au jirani wa kusema kimeo kimerefuka, kikatwe. Akatae kila mtu nyumbani kwenu, kwa sauti moja. Kisu kile kinafungua njia ya vijidudu na ya damu kwa wakati mmoja, na kikohozi hakitokani na kimeo.

Shule, michezo, na maneno anayoyasikia

Aanze shule. Ana miaka 6, ni umri wake wa darasa la kwanza. Baadhi ya watoto wenye kasoro kubwa za moyo hupata ugumu wa kukaza macho kwenye jambo moja au kushika kalamu vizuri, na hilo hugundulika mapema darasani kuliko chumbani. Akae mbele. Abebe chupa ya nusu lita, na aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote, kwa sababu watoto wengi hujizuia kunywa maji kwa kuogopa kuomba ruhusa. Asiingie mchakamchaka, asibebe ndoo, asishindane mbio. Fimbo isimguse; kilio cha nguvu kinaweza kumfanya azidiwe. Kama shule iko mbali, siku za mwanzo mpelekeni kwa baiskeli.

Michezo achague mwenyewe na aachwe apumzike mwenyewe. Mdako, bao, kupika pika na kombolela ya kujificha karibu, hakuna shida. Rede na kuruka kamba acheze kidogo, apumzike, arudi. Kipimo ni maneno: akiweza kukujibu sentensi nzima bila kukata pumzi, aendelee. Mtoto hujipima vizuri kuliko tunavyodhani, mradi pasiwepo zawadi ya kushindania au mkubwa wa kumchochea. Ziwani aishie maji ya magotini na mkono wako uwe karibu. Akizidiwa majini hakuna wa kumkunja magoti.

Halafu kuna yale anayoyasikia akiwa mkekani anajifanya amelala. "Huyu hata akipona..." Anaelewa. Mwambieni ukweli wa saizi yake: moyo wako unasukuma vizuri, ila mpira mmoja wa maji umekunjwa, madaktari wataunyoosha. Akiuliza kama atakufa, msimfokee, msicheke. Mwambieni mnafanya kila kitu asife na kwamba anaweza kuuliza tena. Na wewe mama, kasoro hii hutengenezeka wiki za kwanza za mimba, wengine hata hawajajua wamebeba. Hakuna ulichokula wala mtu aliyekuroga. Kama mnawaza mtoto mwingine, uwezekano wa kurudia ni kama 3 kati ya 100, wakati kwa watu wote ni karibu 1 kati ya 100. Anza vidonge vya foliki kabla ya mimba na muulizie kipimo cha moyo wa mtoto angali tumboni.

Tarehe na safari

Namba ya simu mliyoiacha hospitali iwe hewani, na iwepo ya pili ya ndugu. Mwezi ukipita kimya, pigeni nyinyi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko eneo la Muhimbili, na wataalamu wake huzunguka pia mikoani kwa kliniki za mkoba. Mkisikia wanakuja Kigoma au Tabora, mpelekeni hata kama rufaa ipo tayari, wamuone na faili lisogee. Bugando ya Mwanza nayo hutibu watoto wa moyo, kwa hiyo muulizeni daktari wa Maweni foleni ya wapi ni fupi. Binti yako amevuka miaka 5, msamaha wa gharama za matibabu kwa watoto wadogo haumhusu tena. Kabla ya kusafiri muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali mkiwa na barua ya serikali ya mtaa. Hilo likifanyika Kigoma ni rahisi kuliko kulianzia Dar mkiwa hamna hata pa kulala.

Reli kutoka Kigoma kupitia Tabora hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Bebeni maji yake mwenyewe, pakiti nne za ORS, dawa zote mkobani na si kwenye begi la juu, barua ya rufaa, karatasi ya kipimo cha eko (picha ya moyo) na kadi ya kliniki. Kama mtapata ndege, muulizeni daktari kwanza, maana hewa ya ndani ya ndege ina oksijeni pungufu. Tafuteni ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu.

Baada ya upasuaji mfupa wa kifua unahitaji wiki 6 hadi 8 kuunga. Asiinuliwe kwa kushikwa kwapani. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni. Asipande mwembe, asibebe begi zito, asiendeshe baiskeli. Kidonda kikitoa majimaji, au homa ikija, rudini haraka. Rangi itabadilika, kuchuchumaa kutakoma, na baada ya muda hata kucha na ncha za vidole zilizovimba kwa kukosa oksijeni hurudi kawaida. Lakini kliniki haiishi. Njia iliyopanuliwa mara nyingi huacha vali inayovuja, na baadhi huhitaji vali mpya ujanani. Kila mwaka aonekane, hata akiwa anawashinda wenzake kwa mbio, ambazo wakati huo, daktari akiruhusu, zitakuwa halali yake.

Kwa wiki hii, kanakili hii barua. Nakala ya kwanza kwa mwalimu mkuu, ya pili kwa mwalimu wa darasa, ya tatu ikae ndani ya begi la mtoto siku zote:

*"Mtoto huyu ana ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao (tetraloji ya Fallot), anasubiri upasuaji. Oksijeni yake ya kawaida ni asilimia ___. Uzito kilo 16. Dawa anazotumia: ___. Anaruhusiwa kusoma na kucheza. Akichuchumaa mwacheni. Asishiriki mchakamchaka, mashindano ya mbio wala kubeba maji. Asichapwe. Anywe maji wakati wowote na aende chooni anapohitaji. Akizidiwa: mlazeni ubavu, magoti yaguse kifua, watu wasogee mbali. Dakika 5 bila nafuu, mpelekeni Maweni na mtupigie simu: ___. Kwa mhudumu wa afya: dripu isiwe na hewa, asipewe furosemaidi bila ushauri wa daktari wake wa moyo."*

Nafasi ya asilimia ya oksijeni ijazwe na Maweni, mtoto akiwa ametulia, kidole kikiwa na joto, hakina hina wala rangi ya kucha.